Vijiti Vyenye Maganda

Maiti ilikuwa chali kando ya kijito, mkono mmoja ndani ya maji, na maji yenyewe yalikuwa yameganda kuuzunguka ule mkono. Inspekta Rwamba aliitazama kwa muda. Watu walidhani anachunguza. Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta pumzi.

Kambi ya Mawe Mawili iko juu sana, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, juu ya msitu na juu ya mianzi, mahali ambapo hata nyasi huota kwa kusitasita. Landrova ya polisi ilifika mwisho wa barabara ikakataa kuendelea. Kutoka hapo walipanda kwa miguu. Ilikuwa Oktoba 1991, mvua za vuli bado zilikuwa hazijaanza, na baridi ya asubuhi hiyo ilikuwa haina huruma na mtu.

"Afande, kichwa kinanipasuka," alisema Konstebo Mbaabu.

"Ni huku juu. Hewa ni kidogo. Kunywa maji."

"Mimi nilikuwa nafikiria dawa ingine."

"Najua dawa unayofikiria. Iache mfukoni."

Mbaabu alikuwa mtu wa Nyambene, na kwake siku bila miraa ilikuwa siku ya kupotea bure. Rwamba alitoka Mbeere, chini ya Embu, kwenye joto na mbuzi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda wa kutosha kuaminiana, lakini si wa kutosha kukubaliana ni kwa nani kwenye watu wenye akili.

Marehemu alikuwa Mwalimu Ndwiga, naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya upili mjini Embu, mkazi wa mtaa wa Dallas na mzee wa kanisa. Alikuwa amepanda na walimu wenzake wawili kukagua kambi, kwa sababu shule ilitaka kuanza tena kuleta wanafunzi mlimani. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka. Damu ilikuwa juu ya jiwe kubwa la ukingoni, na hilo jiwe halikuwa la kubebwa na mtu mmoja.

"Kesi imekwisha, Madamu," alisema sajini wa kituo cha chini, aliyekuwa ametangulia kufika. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. "Mtu wetu ni huyu hapa."

Mtu wao alikuwa ameketi juu ya mzigo, pingu mikononi, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Aliitwa Mwirigi, mpagazi kutoka Chogoria.

"Kwa nini yeye?" aliuliza Rwamba.

"Juzi marehemu alimmwagia chai miguuni mbele ya watu, ati imepoa. Huyu akamwambia, 'Mlima huu unaona.' Watu wote walisikia. Jana mchana kuna mtu alikaa nyuma ya mwamba ule akimngoja marehemu, akitafuna miraa. Vijiti viko pale, na jani la mgomba la kuifungia liko pale. Na miraa ni ya nani? Muulize mwenyewe."

Rwamba alichutama mbele ya Mwirigi.

"Miraa ni yako?"

"Ni yangu, Madamu."

"Ulikaa nyuma ya mwamba?"

"Hapana. Niliacha miraa kwa hema ya jikoni. Huku juu mtu akitaka anachukua. Hatunyimani."

"Jana baada ya chakula cha mchana ulikuwa wapi?"

"Nilitumwa chini, mwisho wa barabara. Kuna mtungi wa gesi tuliacha huko."

"Nani alikuona?"

"Ukungu, Madamu. Ukungu pekee." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Wataninyonga?"

Sajini alicheka. Rwamba hakucheka, maana kwa kosa la kuua hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na Mwirigi alikuwa ameuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi hiyo.

Alienda nyuma ya mwamba. Hapo mtu alikuwa amekaa kwa muda, nyasi zilikuwa zimelala, na mahali penyewe palikingwa upepo. Ungeweza kuona kijito chote bila kuonekana. Jani la mgomba lilikuwa limefunguliwa, na vijiti vilikuwa vimetupwa ovyo ovyo. Mbaabu alipiga picha. Rwamba aliokota kijiti kimoja kwa kibano, akakiinua kwenye mwanga. Kisha akaokota kingine. Kisha akaviokota vyote.

"Mbaabu, njoo hapa. Wewe ukitafuna miraa, unatupa nini?"

"Afande, mbona unanitafutia makosa kazini?"

"Jibu swali."

"Natupa kijiti. Kikiwa uchi kabisa. Ganda lote nimeng'oa na meno."

"Na majani?"

"Kile kilele laini nakula. Majani makubwa natupa. Kwani mimi ni mbuzi?"

"Basi tazama hivi."

Mbaabu alitazama. Kichwa kilichokuwa kinapasuka kilipona hapo hapo.

"Aii! Huyu ni nani?" alisema kwa uchungu wa kweli. "Maganda yote iko! Ametupa chakula akakula takataka! Hii ni miraa ya maana, Afande, mtu ameiharibu hivi hivi!"

"Na jani hata moja hakuna," alisema Rwamba. "Amepukuchua majani yote akaweka mdomoni, vijiti akatupa. Hapa Meru huyo ni mwendawazimu. Kwetu Mbeere si mwendawazimu. Ndivyo tunavyokula muguka."

Mbaabu aliinama karibu zaidi na vijiti. Muguka aliujua, kila mtu wa barabara ya Embu anaujua, ila alikuwa hajawahi kuuheshimu. Mmea ni ule ule karibu, lakini mwenye muguka hula jani na mwenye miraa hula ganda. Mikono ikishazoea njia moja haiulizi tena.

"Huyu Mwirigi ni wa Chogoria," alisema polepole. "Hawezi kula hivi hata akiwa usingizini."

"Ndiyo. Aliyekaa hapa ametoka Embu. Na watu wa Embu kambini walikuwa watatu, na mmoja ndiye yule amelala pale."

Sajini aliposikia habari hiyo aliguna tu.

"Madamu, vijiti havitasimama mahakamani."

"Hata chai ya kumwagika haitasimama," alisema Rwamba. "Mfungue huyo mtu pingu mkono mmoja anywe uji."

Walimu wawili walihojiwa kila mmoja peke yake. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Wambeti wa bayolojia, mwanamke mnene aliyevaa sweta mbili na bado alikuwa anatetemeka.

"Mwalimu Ndwiga aliondoka kambini lini?"

"Tulipomaliza kula. Alisema anaenda kijitoni kuchagua mahali pa kuweka kibao."

"Kibao gani?"

"Cha kuonya wanafunzi. Kiko kwa gunia hapo."

"Wengine walikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa kwa hema na kichwa kinauma. Mzee Murithi alikuwa jikoni. Huyo nilimsikia akiimba nyimbo za kanisa mpaka nikachoka na wokovu. Mwirigi alikuwa ametumwa. Baba Njue alikuwa..." Alisita. "Mwalimu Nyaga, nataka kusema. Yeye sikumwona. Ukungu ulikuwa umefunga."

"Marehemu alipokosa kurudi?"

"Tulimwita, tukatafuta mpaka giza. Ukungu huo huwezi kuona hata mkono wako. Asubuhi ndio Mzee Murithi alimwona."

"Unatafuna muguka, Mwalimu?"

"Mimi!" Wambeti alishtuka kana kwamba ameulizwa kama huiba kuku. "Mimi ni wa Chama cha Akina Mama kanisani!"

Mwalimu Nyaga alikuja akatulia kwenye kiti cha turubai. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya fundi. Alifundisha useremala. Rwamba alimsalimu kwa Kiembu, naye akaitikia kwa heshima.

"Jana mchana ulikuwa wapi, Mwalimu?"

"Nilitembea kidogo upande wa juu. Kunyoosha miguu."

"Ulimwona marehemu?"

"Hapana."

"Ulimwona mtu yeyote?"

Nyaga alitazama mikono yake. "Nilimwona huyu mpagazi. Alikuwa anaelekea kijitoni. Alikuwa na hasira."

"Ukungu ulikuwa umefunga."

"Ulifunguka kidogo."

"Ukaona na hasira yake."

Nyaga alikunja mikono mapajani.

"Unatafuna miraa, Mwalimu?"

"Sijawahi kununua miraa maisha yangu yote," alisema Nyaga, na Rwamba alimwamini.

Gunia lilikuwa kando ya hema ya vyombo. Ndani yake mlikuwa na kibao cha mwerezi, kizito, kimepigwa randa na kupakwa mafuta. Herufi zilikuwa zimechongwa kwa patasi, kila moja imesimama wima, na kingo zake zilikuwa laini. Ilikuwa kazi nzuri mno kwa kitu cha kuachwa mvuani. Kilisomeka hivi: MTII KIONGOZI WAKO. KUMBUKA YALIYOMPATA NJUE.

Rwamba alikisoma mara mbili. Kisha akaenda jikoni.

Mzee Murithi alikuwa anapika chai ya polisi kwa gesi. Alikuwa amepika mlimani tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na alipenda kuongea.

"Mzee, Njue ni nani?"

"Njue? Ni yule kijana wa shule. Alikufia hapa hapa mwaka juzi." Alinyoosha mwiko kuelekea kijitoni. "Uliona yale mawe yamepangwa, pale juu kidogo ya maiti? Mimi ndiye nilipanga. Hapo ndipo nilimpata."

"Kumbe ndiye yule. Kituoni tulisikia alikaidi, akatoka kambini usiku."

"Nani amesema? Huyo marehemu?" Murithi alitema pembeni. "Mama, wacha nikwambie, kwa sababu sasa hana la kunifanya. Yule kijana alishikwa na ugonjwa wa mlima. Anatapika, kichwa kinauma, miguu haimbebi. Mwalimu alitaka kufika kileleni na wengine. Akamwambia, 'Kaa hapa kwa hili jiwe, usitoke, tutakupitia tukirudi.' Sisi wapagazi tulikuwa tumeshapita mbele na mizigo. Ukungu ukaingia. Wakarudi kwa njia ile ingine. Hawakumpitia."

"Ukampata lini?"

"Kesho yake. Ameketi kwa jiwe lile lile. Mkoba bado uko mgongoni. Hakuwa ametoka hata hatua." Mzee alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Ati mkaidi. Angekuwa mkaidi si angekuwa hai leo?"

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme wapi? Mimi ni mpishi. Mwalimu aliandikisha kwa polisi, mwalimu aliongea kwa mazishi. Hakuna mtu aliniuliza kitu."

"Na umewahi kumwambia mtu mwingine?"

"Nimwambie nani? Labda Mwalimu Nyaga, jioni ya kwanza tulipofika. Tulikuwa tunaota moto, tunapiga hadithi. Aliuliza hayo mawe ni ya nini. Ni mtu mzuri, anasikiliza. Mpaka akaacha chai ikapoa."

"Mzee Murithi," alisema Rwamba, "unajua Mwalimu Nyaga ni nani?"

"Si ni mwalimu wa mbao?"

"Ni Baba Njue."

Mwiko ulianguka chini. Mzee hakuuokota. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka mikono kichwani na kusema jina la Mungu kwa Kimeru mara kadhaa.

Kwa watu wa sehemu hizo, mwanamume akishapata mtoto jina lake la ujana huwekwa kabatini. Anakuwa baba wa fulani, sokoni na kanisani. Lakini Njue alipokufa, tena kwa kifo kilichosemekana kuwa cha ukaidi, watu waliona haya kulitaja jina hilo mbele ya baba yake. Wakarudia Mwalimu Nyaga. Walidhani wanamhurumia. Kwa hivyo alipanda mlima na mpishi asiyemjua, akaketi motoni, akasimuliwa kifo cha mwanawe kama hadithi ya kupitisha jioni.

Maiti iliteremshwa, na watu wote wakateremshwa. Landrova ilipitia Nkubu wakati akina mama wa soko walikuwa wanafunga ndizi zao, ikafika Meru jioni. Asubuhi iliyofuata daktari wa serikali alimaliza uchunguzi, akampigia Rwamba simu.

"Fuvu limepasuka, mgongano mmoja na jiwe," alisema. "Hakuna dalili za rungu wala ngumi. Alianguka kinyumenyume, nafikiri kwa kusukumwa. Lakini si hilo lililomuua."

"Ni nini, Daktari?"

"Baridi. Alizimia, akabaki pale. Angetolewa mapema, angekuwa hospitali sasa akilalamika kuhusu chakula."

"Aliyemsukuma angejua kwamba yuko hai?"

"Kama ana masikio. Mtu wa namna hiyo hupumua kwa kukoroma."

Simu ya pili ilitoka kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya. Yeye hakuwa na habari za kukoroma.

"Inspekta, nasikia una mshukiwa, una kielelezo, una shahidi mwalimu anayeheshimika. Unangoja nini? Jumatatu nataka mpagazi awe kizimbani."

"Mkubwa, si yeye."

"Kwa sababu ya maganda ya miraa? Nisikike nikimwambia jaji hivyo?"

"Nipe mpaka leo jioni."

"Jioni. Baadaye ukileta maganda, utayatafuna mwenyewe."

Mke wa Mwirigi alikuwa ameketi kwenye benchi ya kituo tangu kupambazuke. Jina lake lilikuwa Karambu, na mimba yake ilikuwa imefika mahali pa kutohitaji kuulizwa. Hakulia. Aliuliza kila aliyepita kama nguo alizoleta zimemfikia mume wake. Rwamba alipita mbele yake, akasimama, akarudi.

"Zimemfika, mama."

"Ni yale soksi mazito nilitaka avae," alisema Karambu. "Huko ndani wanalala kwa simiti."

Rwamba alimpa Mbaabu noti, akamtuma stendi ya Makutano. Mbaabu alirudi haraka kuliko alivyowahi kurudi kutoka kazi yoyote, ameshika kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba, akidai ni ushuhuda.

Mwalimu Nyaga aliitwa kukamilisha maelezo yake. Rwamba alimkaribisha kiti, akamwekea chai, akaweka na karanga kwenye sahani, kisha akafungua miraa katikati ya meza.

"Mwalimu, konstebo wangu hawezi kuandika bila hii. Karibu, ujisikie nyumbani. Muguka nimetafuta, hapa Meru wananicheka."

Nyaga alitabasamu kidogo. Alikuwa amelala vibaya. Mbaabu alianza kuandika jina, shule, sanduku la posta, mambo ya polepole yasiyomtisha mtu. Aliuliza mwaka wa kuajiriwa. Akauliza jina la chifu. Mikono mikubwa ya fundi ilitambaa mezani, ikachukua karanga. Baadaye kidogo ikachukua kijiti. Vidole vikateremka kutoka juu hadi chini kwa mkupuo mmoja, vikakusanya majani yote, vikayapeleka mdomoni pamoja na karanga. Kijiti kikawekwa kando, na ganda lake lote. Kikafuata cha pili. Cha tatu.

Mbaabu aliacha kuandika. Nje makanga wa matatu za Makutano walikuwa wanaitana kwa sauti.

Rwamba alitoa bahasha ya vielelezo. Akamimina vijiti vya Mawe Mawili karibu na vile vya mezani. Hakuna mtu angeweza kuvitofautisha.

"Ni kweli hujawahi kununua miraa," alisema. "Hii ya kwanza ulichukua jikoni. Muguka wako ulikuwa umeisha."

Nyaga alitazama vijiti. Kisha akatazama vidole vyake kwa mshangao, kama mtu aliyeshtakiwa na mtoto wake mwenyewe.

"Hiyo haionyeshi kitu," alisema. "Nilikaa pale. Kukaa si kuua."

"Ulisema ulikuwa upande wa juu."

"Nilisahau."

"Ulisema pia ulimwona Mwirigi. Alienda na njia ya chini, kubeba mtungi wa gesi, na mtungi huo asubuhi ulikuwa unapika chai. Huyo hukumwona, Mwalimu. Ulimsema kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsemea."

"Sijui unachotaka kwangu."

Rwamba alisogeza kiti. Aliacha Kiswahili, akasema kwa Kiembu, bila kupandisha sauti:

"Baba Njue."

Bega moja la Nyaga liliruka. Alifunga macho.

"Usiniite hivyo."

"Ndilo jina lako."

"Miaka miwili hakuna mtu ameniita hivyo. Hata mama yake ananiita Mwalimu."

"Baba Njue, mwanao aliambiwa akae, akakaa. Akafa. Halafu mtu mkubwa, mwenye heshima, akaandikisha kwa polisi kwamba kosa ni la mtoto. Akaaminiwa, kwa sababu mtoto hakuwa na mdomo tena. Ni hivyo au sivyo?"

"Ni hivyo."

"Sasa kuna kijana huko ndani. Na mkewe yuko kwa hiyo benchi hapo nje, umempita ukiingia. Mtu mkubwa, mwenye heshima, ameandikisha kwamba kosa ni la huyo kijana. Jumatatu ataaminiwa. Huyo mtu mkubwa safari hii ni nani?"

Uso wote wa Nyaga ukaanguka, akalia kwa sauti, na Mbaabu akageuka kutazama ukuta kwa sababu hapendi kuona mzee akilia.

Rwamba alingoja. Alimwambia si lazima aseme lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na litatumika mahakamani. Akamuuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa. Andika."

"Ulimngoja?"

"Nilimngoja. Si kumuua. Nilitaka kumuuliza. Akaja na kipimo chake cha kamba, anapima mahali pa kusimamisha kibao. Pale pale, kwa mawe ya mwanangu. Nikamwambia, 'Mwalimu, Njue alikufa ameketi. Mpishi ameniambia.' Unajua alisema nini?"

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Nyaga, hayo yalipita, tuliomba, tukasameheana.' Nikamwambia mimi nilisamehe uwongo. Nikamwambia tukifika Embu asimame kanisani, aseme mtoto hakukimbia. Basi. Hakuna kingine nilitaka, wallahi... sikutaka kazi yake, sikutaka kesi. Aseme tu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Akasema hawezi kuharibu jina la shule. Akaniambia nilete gunia tusimamishe kibao kabla ya mvua."

"Kibao ulichonga wewe."

"Mimi. Alinipa kazi hiyo kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa mbao. Hata hakufikiri. Na mimi nikachonga, Inspekta. Wiki mbili. Nilichonga jina la mwanangu vizuri, kwa sababu niliamini alikosa, na nilitaka angalau herufi ziwe nzuri."

"Ukamsukuma."

"Kwa mikono miwili. Akaanguka. Nikasikia kichwa."

"Alikuwa hai?"

Nyaga alisukuma kikombe cha chai kando.

"Alikuwa anapumua. Nikasimama hapo namsikia. Nikasema, 'Kaa hapa, tutakupitia tukirudi.' Nikaenda kambini nikanywa chai."

"Jioni, mlipomtafuta?"

"Nilitafuta upande ambao hayuko."

Mbaabu aliandika sentensi hiyo bila kuinua kichwa. Rwamba alisikia baridi ya mlima ikimrudia mgongoni, na kwa muda alitaka sana mtu huyu asiwe amesema hayo maneno ya mwisho. Lakini alikuwa ameyasema.

Kabla ya maelezo kusainiwa, Mwirigi alitolewa. Walikutana kwenye ukumbi mwembamba wa kituo, mmoja anaingia pingu na mwingine anatoka. Nyaga alisimama.

"Kijana yangu, nisamehe."

Mwirigi alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, ni uchovu tu.

"Mwalimu, ungeomba ningekupa," alisema. "Miraa si kitu. Lakini mimi ulikuwa unanipeana bure, na sijui nilikukosea nini."

Karambu alimshika mume wake mkono, akamtazama miguu kwanza kama ana soksi, ndipo wakatoka kwenye jua.

Mezani, Mbaabu alisoma maelezo yote kwa sauti tangu mwanzo, kama inavyotakiwa. Nyaga alisikiliza ameinamisha kichwa. Kalamu alipopewa aliikataa.

"Kuna kosa?" aliuliza Rwamba.

"Umeanzia pale nilipomngoja. Si pale inaanzia."

"Mahakama inataka habari za kifo cha Ndwiga."

"Mimi nitakubali kila kitu. Sitasumbua mtu. Lakini hiyo karatasi itasomwa mbele ya watu, sivyo? Kwa sauti?"

"Itasomwa."

"Basi andika tena. Uanze na yeye."

Saa ya mkuu wa upelelezi ilikuwa inakaribia, na mkono wa Mbaabu ulikuwa umechoka. Rwamba alivuta karatasi mpya, akachukua kalamu mwenyewe. Nyaga alikaa wima kama mtu anayepigwa picha, akasema polepole ili asiachwe nyuma:

"Mimi ni Baba Njue. Mwanangu hakukimbia. Aliambiwa akae, akakaa."

Alisubiri mpaka nukta ya mwisho. Kisha akaanza kueleza jinsi alivyoua.